Parokia yetu ya Chicago inaunganishwa: je, kanisa nalo litauzwa?

Swali la msomaji:

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mzaliwa wa Kilimanjaro, ninaishi Chicago mwaka wa tisa sasa. Parokiani kwetu tuna Misa ya Kiswahili Jumapili ya pili ya kila mwezi. Tunakutana Watanzania, Wakenya, na kwa wingi zaidi ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Hivi karibuni paroko ametusomea barua kwamba parokia yetu itaunganishwa na nyingine mbili za jirani, ambazo mtu anazifikia kwa miguu. Watu wanalia, na wengine wanasema jengo limeshauzwa. Naomba unieleze kwa nini makanisa yalijengwa karibu karibu namna hii, nani mwenye kauli ya mwisho, na kama sisi tunaoongea Kiswahili tunaweza kuomba parokia yetu wenyewe, kama Wapolandi walivyopewa zamani."

Jibu:

Milele amina, Mama. Mambo unayoyauliza kwa pumzi moja ni mambo ambayo sheria za Kanisa huyatenganisha kabisa, na machungu mengi niliyoyashuhudia nilipokuwa mwanafunzi huko Marekani yalitokana na kuyachanganya. Parokia ni jambo moja, jengo la kanisa ni jambo la pili, na watu wanaosali pamoja kwa lugha yao ni jambo la tatu. Moja linaweza kufa na mengine mawili yakabaki hai. Ili nikuoneshe hilo si nadharia ya darasani, tutembee kwanza katika mtaa mmoja wa jiji lako.

Nenda Noble Street, kaskazini-magharibi mwa katikati ya jiji, uanze kutembea kutoka kusini. Utalikuta kwanza jengo la St. Boniface, walilolijenga Wajerumani. Lilifungwa mwaka 1990, likakaa tupu kwa miaka mingi, na baadaye likageuzwa nyumba za kuishi watu. Mbele yake, kwenye mtaa huo huo, ni Holy Trinity, na ukiendelea kidogo utafika St. Stanislaus Kostka, haya mawili yakiwa ni ya Wapolandi. Rozari ukiianzia mlangoni pa kanisa la kwanza, utafika mlangoni pa la tatu hujaimaliza. St. Stanislaus Kostka ilianzishwa mwaka 1867 ikiwa parokia ya kwanza ya Wapolandi katika Chicago, na kufikia mwishoni mwa karne ya 19 ilihesabiwa miongoni mwa parokia kubwa kuliko zote nchini Marekani, yenye waamini wapatao 40,000. Barabara kuu ya Kennedy ilipopangwa kupita hapo katikati ya karne ya 20, waamini walipinga mpaka njia ikakunjwa; leo magari yanapita nyuma ya kanisa, karibu kabisa na ukuta wake.

Wajerumani na Wapolandi kila mmoja kuwa na kanisa lake, hilo unalielewa upesi. Kilichohitaji lugha haikuwa Misa yenyewe, maana kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani Misa ilikuwa ya Kilatini kwa wote, na Mpolandi angeweza kuifuata kwa Wajerumani bila kupoteza neno. Kilichohitaji lugha kilikuwa mahubiri, shule ya watoto, na zaidi ya yote kitubio, kwa sababu mtu hawezi kuungama dhambi zake kwa lugha ambayo bado anaitafutia maneno. Maaskofu wa miji iliyokuwa ikipokea wahamiaji kwa maelfu waliruhusu parokia zisizofuata mipaka ya ardhi bali asili ya watu: Mwairishi alikwenda kwake, Mcheki kwake, Mlithuania kwake, hata kama wote wanapanga jengo moja. Kisha Mtaguso wa tatu wa maaskofu wa Marekani, uliofanyika Baltimore mwaka 1884, uliagiza kila parokia iwe na shule yake ndani ya miaka miwili. Hivyo kila kundi lililokuwa na kanisa likajenga na shule, nyumba ya mapadre na nyumba ya masista, na karibu kila eneo la wafanyakazi wa viwandani likajaa majengo hayo manne manne.

Lakini Holy Trinity na St. Stanislaus wote ni Wapolandi. Hawa hawakutenganishwa na lugha bali na ugomvi, na nautaja kwa makusudi kwa sababu umeandika kwamba Wapolandi "walipewa" parokia. Mara nyingi hawakupewa, waliidai. Mapadre wa Shirika la Ufufuko walioongoza St. Stanislaus walitaka kanisa la pili liwe chini yao. Walei waliolijenga Holy Trinity, wengi wao wakiwa wapigania uhuru wa nchi yao iliyokuwa imegawanywa na madola jirani, walikataa. Kanisa likafungwa na kufunguliwa na kufungwa tena kwa karibu miaka 20, mpaka mwaka 1893 mjumbe wa Papa, Askofu Mkuu Francesco Satolli, alipoingilia kati na mapadre wa Shirika la Msalaba Mtakatifu wakakabidhiwa kulihudumia. Kwingineko mambo hayakuisha hivyo. Huko Scranton, Pennsylvania, ugomvi wa aina hiyo hiyo juu ya nani amiliki mali ya parokia ulizaa mwaka 1897 kanisa lililojitenga na Roma, na lipo mpaka leo.

Kulikuwa na kundi jingine ambalo lilipewa kanisa lake kwa sababu isiyo ya lugha wala ya ugomvi wa mali. Padre Augustus Tolton alizaliwa utumwani Missouri mwaka 1854. Mama yake aliwatorosha watoto wake kuvuka mto Mississippi mpaka Illinois. Alipotaka upadre, hakuna seminari ya Marekani iliyokubali kumpokea kijana Mweusi, ikabidi akasome Roma, katika chuo kinachoandaa mapadre wa nchi za misioni. Yeye mwenyewe alitarajia kutumwa Afrika. Alipopadirishwa mwaka 1886 akaambiwa arudi kwao. Kuanzia mwaka 1889 aliwahudumia Wakatoliki Weusi wa Chicago, akawaanzishia kanisa la St. Monica upande wa kusini wa jiji, na akafa kwa joto kali la Julai 1897 akiwa na miaka 43. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitambua rasmi fadhila zake za kishujaa. Watu hawa walizungumza Kiingereza sawasawa na Waairishi. Kilichowapatia kanisa lao ni kwamba wenzao hawakutaka kukaa nao benchi moja. Kwa hiyo anayesema parokia za makundi zilikuwa bustani ya neema tupu hajaisoma historia hiyo yote.

Aliyeanza kubadili mwelekeo katika Chicago ni George Mundelein, askofu mkuu tangu 1915 hadi alipofariki 1939. Alikuwa mzaliwa wa New York mwenye asili ya Kijerumani, na aliamini kwamba kizazi kinachozaliwa Marekani kilelewe kama kizazi kimoja. Sheria ilimsaidia, maana Kanuni za Kanisa zilizotangazwa mwaka 1917 zilitaka ruhusa maalumu ya Roma kwa parokia yoyote mpya ya lugha au taifa. Akajenga seminari kuu ya St. Mary of the Lake, iliyofunguliwa mwaka 1921 kando ya ziwa katika mji mdogo ambao leo unaitwa kwa jina lake, ili frateri Mpolandi na frateri Mwairishi wale meza moja kabla hawajapelekwa parokiani. Kongamano la Ekaristi la Kimataifa la mwaka 1926 lilifungwa hapo, umati mkubwa ukisafirishwa kwa treni kutoka jijini. Seminari hiyo bado inaandaa mapadre wa majimbo mengi. Seminari ndogo ya Quigley, ambayo wavulana wa Chicago waliiendea kila asubuhi kwa treni za mjini kisha wakarudi nyumbani jioni, ilifungwa mwaka 2007.

Sasa tufike kwenye kufungwa. Sababu iliyo rahisi kuiona ni kwamba wajukuu wa waliojenga walihama. Walijifunza Kiingereza, wakapata kazi nzuri, wakanunua nyumba pembezoni mwa jiji, na makanisa makubwa yakabaki na wazee wachache, au yakajazwa na wageni wapya, hasa Wameksiko, kama unavyoona katika mtaa wa Pilsen. Sababu isiyozungumzwa sana ni masista. Mwaka 1965 Marekani ilikuwa na watawa wa kike wapatao 180,000. Leo hawafiki 40,000. Hao ndio waliofundisha katika zile shule za parokia kwa posho ndogo tu ya kujikimu, wakiishi kumi au ishirini katika nyumba moja. Walipopungua, ililazimu kuajiri walimu wa mishahara, karo zikapanda, familia maskini zikaondoa watoto, na parokia ambayo shule yake ilikuwa mlango wa watu wapya ikaanza kula akiba yake. Mapadre nao wamepungua kutoka karibu 59,000 mwaka huo wa 1965 hadi kiasi cha 34,000. Ongeza hapo paa la miaka 100 na gharama ya kupasha joto ukumbi wenye dari ndefu namna ile katika majira ya baridi ya Chicago, unayoyajua kuliko mimi.

Ndiyo maana mwaka 2016 Jimbo Kuu la Chicago, chini ya Kardinali Blase Cupich, lilianza mpango wake wa kuunganisha parokia, na zilizokuwa zaidi ya 340 zikashuka hadi kiasi cha 220. Hamko peke yenu. St. Louis ilitangaza mwaka 2023 kwamba parokia zake 178 zitakuwa 134. Baltimore, jimbo la kwanza la Kikatoliki nchini humo, lenye seminari ya kwanza iliyoanzishwa na mapadre Wafaransa wa Shirika la Sulpice mwaka 1791, na shirika la kwanza la masista Weusi lililoanzishwa mwaka 1829 na Mama Mary Lange, ilitangaza mwaka 2024 kwamba parokia 61 za mjini na vitongoji vya karibu zitakuwa 23. Hata Papa Leo XIV, mtoto wa Chicago, alipochaguliwa tarehe 8 Mei 2025, waandishi wa habari waliokimbilia parokia ya utoto wake, St. Mary of the Assumption, walikuta jengo tupu lililofungwa miaka mingi kabla.

Nani mwenye kauli ya mwisho? Kanuni ya 515 ya Sheria za Kanisa zinazotumika sasa inasema kwamba ni askofu wa jimbo peke yake anayeweza kuunda, kufuta au kubadili parokia, na hawezi kufanya hivyo kabla ya kulisikiliza Baraza la Mapadre, yaani mapadre wanaomshauri. Kulisikiliza si kulitii. Baraza likikataa, askofu bado anaweza kuendelea, lakini asipolisikiliza kabisa uamuzi wake una ufa. Halafu parokia iliyoundwa kihalali ni nafsi ya kisheria, yaani ina mali yake, madeni yake na haki zake, tofauti na za jimbo. Zikiunganishwa parokia tatu, mali na madeni ya zote tatu humfuata mrithi, yaani parokia mpya, na nia ya waliotoa lazima iheshimiwe. Askofu hachukui sanduku la parokia iliyofutwa akaliweka mfukoni mwa jimbo. Kama nyinyi mlichangishana mkanunua ngoma, kayamba na mavazi ya Misa, andikeni orodha sasa, yenye tarehe na mlivyokubaliana wakati wa kununua, mkaitunze nakala.

Hapo, Mama, huja utata ambao huwavuruga hata wanasheria. Ukienda kwa msajili wa ardhi wa Illinois, hutalikuta jina la parokia yako kwenye hati. Utakuta "The Catholic Bishop of Chicago", kwa sababu sheria ya jimbo hilo la Illinois ya mwaka 1845 ilimfanya askofu kwa cheo chake kuwa kampuni ya mtu mmoja isiyokufa, inayopokewa na kila askofu anayefuata. Maaskofu waliitafuta hadhi hiyo baada ya kuchoshwa na migogoro ya mwanzo wa karne ya 19, ambapo kamati za walei zilizoshika hati za viwanja ziliamua padre yupi aajiriwe na yupi afukuzwe. New York walichagua njia nyingine: kwa sheria ya mwaka 1863 kila parokia ni kampuni yake, yenye askofu, makamu wake, paroko na walei wawili. Kwa hiyo mahakama ya serikali ya Chicago itamwona askofu kuwa mwenye kiwanja, wakati sheria ya Kanisa inamwona kuwa mtunzaji wa mali ya parokia. Waamini wengi hukimbilia mahakama ya kwanza kwa sababu ndiyo wanayoijua, wakatumia fedha nyingi na kushindwa.

Jengo lenyewe lina sheria yake. Kufuta parokia hakulifungi kanisa. Kanisa lililobarikiwa linabaki kuwa mahali pa ibada, na waamini wana haki ya kuingia kusali, mpaka askofu atoe hati nyingine, ya pekee, ya kuliondoa katika matumizi matakatifu kwa kufuata kanuni ya 1222. Kama halijaharibika kiasi cha kutoweza kutengenezwa, lazima awe na sababu nzito inayolihusu kanisa hilo hilo, asikilize tena Baraza la Mapadre, apate kibali cha wenye haki juu yake, na ahakikishe matumizi yajayo si ya aibu. Maelekezo ya Roma ya mwaka 2020 yanasisitiza kwamba upungufu wa mapadre au hali ya fedha ya jimbo zima, peke yake, haitoshi kuwa sababu ya kufuta parokia. Lazima ioneshwe kwamba parokia hii, yenye watu hawa, ina tatizo hili.

Watu wameshinda kwa msingi huo, na wameshindwa pia. Katika jimbo la Cleveland, askofu alifunga parokia nyingi kati ya 2009 na 2010. Waamini wa baadhi yake wakakata rufaa, na mwaka 2012 Roma ikabatilisha maamuzi juu ya parokia 13 kwa kuwa utaratibu haukufuatwa, askofu akakubali na kufungua milango tena. Huko Scituate, karibu na Boston, waamini wa parokia ya St. Frances Xavier Cabrini walichagua njia nyingine: kanisa lao lilipotangazwa kufungwa mwaka 2004 walikaa ndani, kwa zamu, usiku na mchana, zaidi ya miaka 11. Walikata rufaa Roma, wakaenda na mahakama za serikali, na kote walishindwa. Mwaka 2016 wakatoka. Nawaheshimu sana watu wale. Lakini ukiniuliza kama mtu wa sheria, Roma husikiliza kosa la utaratibu mapema kuliko inavyosikiliza machozi, na kosa la utaratibu lina muda wake.

Muda huo ni mfupi kupita kiasi, na sijaona parokia hata moja ya wahamiaji iliyouelezwa mapema. Tangu siku mwamini anapojulishwa hati ya askofu kwa njia halali, ana siku 10 za kumwandikia askofu huyo huyo akimwomba aifute au aibadilishe. Si Roma kwanza. Ni kwa askofu kwanza. Askofu ana siku 30 za kujibu. Akikataa, au siku hizo zikipita kimya, mwamini ana siku 15 za kupeleka rufaa, ambayo kwa suala la parokia huenda kwenye Baraza la Kipapa la Wakleri. Siku ambazo mtu hakuweza kutenda, au hakujua, hazihesabiwi, lakini usitegemee sana kuthibitisha hilo. Kila anayekata rufaa atie sahihi kwa jina lake, hata kama barua ni moja, kwa sababu "Jumuiya ya Waswahili" kama jina tupu haina nafsi ya kisheria na rufaa yake itarudishwa. Mwenye haki iliyo wazi zaidi ni anayeishi ndani ya mipaka ya parokia. Wanaokuja kutoka mbali kwa ajili ya Misa ya Kiswahili tu wasiwe wa kwanza kwenye orodha.

Hapa niseme neno juu ya kujiandikisha, maana watu wetu wengi hulipuuza. Nyumbani unajulikana kwa jumuiya ndogo ndogo. Mwenyekiti wa jumuiya asipokuandikia barua, huolewi wala hubatizwi. Marekani hakuna mwenyekiti wa kukufuata mlangoni. Kisheria makazi yako ndiyo yanayokufanya mwanaparokia, lakini ofisini watatafuta jina lako kwenye kompyuta na bahasha zako za sadaka. Nimeona familia iliyosali kanisa moja miaka sita ikiambiwa haijulikani ilipotaka barua ya msimamizi wa ubatizo, kwa kuwa siku zote walitoa noti kikapuni bila bahasha. Wakati wa kuunganisha, paroko mpya akiuliza Waswahili ni wangapi, atahesabu waliomo kwenye orodha.

Nafika kwenye ombi lako la parokia ya Waswahili, na nitakujibu waziwazi: sheria inaruhusu, mimi nashauri msiombe. Kanuni ya 518 bado inampa askofu nafasi ya kuunda parokia kwa misingi ya lugha au taifa. Lakini parokia inadai paroko wa kudumu, bajeti, katibu, bima, paa. Nyinyi mna Misa moja kwa mwezi na mnatoka kila kona ya jiji. Na watoto wenu, nisamehe kusema, tayari wanaitikia "Amina" ya Kiswahili kisha wanageuziana Kiingereza. Baada ya miaka 25 mtakuwa pale walipofika wajukuu wa Noble Street, mkiwa na jengo na hamna watu.

Mtazame tena Holy Trinity. Kanisa lile lilipokaribia kufungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, halikuokolewa kwa kubaki parokia. Liligeuzwa kuwa misheni ya Wapolandi, yenye mapadre wa lugha yao na Misa za lugha yao, na mpaka leo Wapolandi wanakwenda hapo kutoka mbali. St. Stanislaus, jirani yake, iliendelea kuwa parokia ya eneo na leo ina Misa za Kiingereza, Kihispania na Kipolandi. Hizo ndizo njia mbili zilizo mbele yenu, na zote zinawezekana bila kumiliki tofali hata moja. Mwombeni askofu awatambue rasmi kama jumuiya ya lugha, awateulie padre mlezi, kwa maana kanuni ya 568 inataka wahamiaji wapewe mapadre wa kuwahudumia inapowezekana, na aandike ni katika kanisa lipi Misa ya Kiswahili itaadhimishwa. Mkiwa na karatasi hiyo, parokia ikiunganishwa nyinyi hamguswi. Mnahama na Misa yenu.

Padre wa Kiswahili mtampata wapi? Karibu kuliko mnavyodhani. Hyde Park, upande wa kusini wa jiji lenu, kuna Catholic Theological Union, iliyoanzishwa mwaka 1968 na mashirika ya kitawa kadhaa ili wanafunzi wao wasome pamoja. Papa Leo alimaliza hapo mwaka 1982. Watawa kutoka Afrika wamekuwa wakisoma pale kwa miaka mingi, wengine wakiwa tayari mapadre. Waulizeni pia wamisionari wa Maryknoll, ambao walifika Musoma mwaka 1946 na baadaye Shinyanga, na wale wa Shirika la Roho Mtakatifu. Hao wa mwisho walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na miaka kumi baadaye wenzao wakaanzisha Pittsburgh chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Duquesne. Wewe wa Kilimanjaro huhitaji kuambiwa ni nani walioileta Injili Kilema. Katika nyumba za wazee za mashirika hayo wapo mapadre Wamarekani wenye mvi wanaoongea Kiswahili cha Kipare au cha Kisukuma vizuri kuliko watoto wenu, na hakuna aliyewapigia simu miaka mingi.

Jambo moja dogo la mwisho kabla ya barua yenu. Nilipokuwa nikisaidia Misa katika parokia moja ya jiji lenu, katibu aliniomba nimtafutie cheti cha ubatizo cha mzee mmoja, nikafungua kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi. Kurasa za mwanzo majina yote yalikuwa ya Kipolandi, kwa wino uliofifia. Katikati yakaanza kuingia ya Kihispania, mojamoja, kisha ukurasa mzima. Na mwishoni, kwa kalamu ya bluu, majina matatu ya Kikongo yakifuatana, watoto wa familia moja waliobatizwa siku moja. Parokia ile ilikuja kuunganishwa, na kitabu kikakaa miezi katika sanduku la karatasi bila mtu kujua kiko wapi, wakati kijana fulani alikuwa akikihitaji ili afunge ndoa. Waliobatizwa na kufunga ndoa hapo kwenu waombe vyeti vyao sasa, kabla ofisi haijahamishwa.

Na ile barua iliyosomwa kanisani: usiipokee kama hati. Mara nyingi barua ya mimbari ni tangazo tu, na hati yenyewe ya askofu iko ofisini. Mwende wawili watatu, kwa adabu, mkamwombe paroko nakala. Mkiipata, angalieni tarehe yake, angalieni kama inataja kwamba Baraza la Mapadre lilisikilizwa, kisha hesabuni ni hati moja au mbili. Kama ni moja, ya kuunganisha parokia, basi anayewaambia jengo limeshauzwa hajui asemalo: kanisa lenu bado ni kanisa, na Jumapili ya pili mna haki ya kuukuta mlango wake wazi.